Siku tatu kisiwani na mama mukwe

Siku hizi nasikia watu wanalipa pesa nyingi ili wapelekwe kisiwani. Wanavaa kofia kubwa, wanakula samaki, wanaangalia maji, kisha wanarudi kwao wekundu kama nyanya na kusema wamepumzika. Mimi jambo hilo nililifanya zamani, na sikulipa hata likuta moja. Mtumbwi ulinifuata karibu na mlango wangu. Samaki walikuwa wa asubuhi ile ile. Mandhari ilikuwa pande zote nne, hata pande ambazo sikuomba kuonyeshwa. Tena nilisindikizwa na mama mukwe wangu, heshima ambayo nadhani hata matajiri hawapewi.

Ilikuwa wakati wa vita ya kwanza. Leo tunaiita ya kwanza. Wakati ule tuliiita vita tu, juu tulifikiri iko moja.

Nilikuwa naishi Uvira, kwenye kartie ya chini, mtaa wa ufukweni, pale ambapo ziwa likikasirika linaingia jikoni bila kubisha hodi. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza taa za wavuvi, zile za kupampu, zinazotundikwa kwenye mitumbwi ili ndagala, wale dagaa wetu, wadanganyike kwamba kumekucha, wapande juu, wakutane na wavu. Taa ikizimika hakuna ndagala, na bila ndagala Uvira yote inakula sombe tupu ya majani ya muhogo na kununa. Kwa hiyo nilikuwa muntu mukubwa pale ufukweni, ingawa shule niliiacha mwaka wa tatu wa primeri, baada ya mwalimu kumweleza baba yangu kwa upole kwamba fasi yangu kwenye benchi inaweza kumfaa mtoto mwingine. Kuogelea pia sikujua. Nilitengeneza taa za ziwani miaka yote hiyo nikiwa nimekaa kwenye nchi kavu, na sikuona aibu.

Sasa mama mukwe. Alikuwa mwanamke wa Sange, mkulima wa mpunga na muhogo, mwembamba, mgumu kama mpini wa jembe. Alikuja kwetu kukaa wiki moja. Shida iliyomleta ilikuwa kwamba nimemuoa binti yake miaka minne na mjukuu hajaonekana. Hakuniuliza mimi. Haya ilimkataza. Aliuliza ukuta. Alikaa chumbani, akageukia ukuta, akasema kwa sauti, "Eti, nyumba isiyo na mtoto, watu wa ndani wanafanyaka kazi gani?" Nami upande wa pili wa ukuta nikaendelea kupiga nyundo taa isiyohitaji nyundo.

Lazima nieleze haya hiyo, kwa sababu vijana wa leo wanakaa meza moja na mama mukwe, wanamvutia sahani, wanamwita "mama" kama rafiki wa sokoni. Kwetu haikuwa hivyo, hasa kwa watu wa zamani kama yeye. Mukwe na mama wa mke hawatazamani usoni. Hawashikani mikono. Hawaitani majina. Na juu ya yote, hawali fasi moja. Akikuona unatafuna, umemvua nguo. Ukimwona anatafuna, ni vilevile. Miaka minne nilikuwa nimeona miguu yake tu, na yeye yangu.

Kuna dawa ya haya hiyo, na hapa ndipo nakiri. Mukwe anapeleka mbuzi. Wazee wa pande mbili wanakaa, maneno yanasemwa, mama mukwe naye anatoa chakula alichopika, wote wawili wanakula mbele ya watu, na kuanzia siku hiyo kinywa kimefunguliwa. Mimi nilikuwa sijapeleka. Kila nilipoulizwa nilisema natafuta mbuzi mwenye rangi nzuri. Miaka minne mizima niliitafuta rangi hiyo. Ukweli ni kwamba wenzangu waliotoa mbuzi mapema nilikuwa nawaona. Mama mukwe akishafunguliwa kinywa, hakifungwi tena. Mimi wangu aliongea na ukuta, na ukuta ulikuwa unavumilia vizuri.

Wiki moja ikawa miezi miwili, maana barabara ya Sange ilifungwa na watu wenye bunduki, ambao nao walifungwa na watu wengine wenye bunduki, na sisi raia tukaambiwa tuwe watulivu. Mama mukwe akapata homa. Bibi yangu, yaani mke wangu, alitafuta kinini, dawa ya malaria, kartie nzima akapata vidonge saba, vimefungwa ndani ya karatasi ya kaye, daftari la shule la mtoto fulani. Siku hiyo hiyo jioni masasi, risasi za bunduki, yakaanza upande wa kaskazini, na alfajiri yakawa yamehamia kwetu.

Majirani walipanda mlimani. Niliwaona wanapita na magodoro vichwani, mmoja na mlango wa nyumba yake, ameung'oa ili asiibiwe, nyumba ameiacha. Mama mukwe hangeweza kupanda. Alisimama, akatetemeka, akakaa. Bibi yangu akaniangalia. Mimi nikaangalia taa.

Ndipo akaja mvuvi mmoja, mteja wangu, muntu wa maneno mengi, tumbo mbele, suruali imefungwa kwa kamba ya wavu.

"Fundi, mutumbwi iko," akasema. "Fasi iko ya batu batatu na taa zangu mbili."

Nilitaka kumkumbatia. Baadaye tu nilitambua kwamba alikuja kwa ajili ya taa zake mbili zilizokuwa kwangu kwa matengenezo, na sisi tukaongezwa juu.

Ndani ya mtumbwi tulipangwa hivi: mvuvi nyuma na kasia, mama mukwe karibu naye amejikunja, bibi yangu katikati, mimi mbele na taa mapajani. Masasi yalikuwa yanapita juu, yanaimba kama mbu wenye haraka. Na bibi yangu, mtoto wa watu wenye adabu, alisimama katikati ya mtumbwi akatandaza kikwembe chake mikono miwili, ili mama yake asinione na mimi nisimwone mama yake.

"Wewe mama, teremusha ile nguo!" mvuvi akapiga kelele. "Upepo iko natusukuma Burundi!"

"Siwezi! Nyuma iko mama, mbele iko bwana."

"Na juu iko masasi!"

"Masasi haina haya. Minye niko nayo."

Akateremsha hatimaye, lakini mpaka kifuani tu. Tulivuka hivyo.

Kisiwa chenyewe hakina jina na hakimo kwenye ramani yoyote. Pale mto Ruzizi unapoingia ziwani unamwaga mchanga, mchanga unaota matete, na mvuvi wa kwanza anayeweka wavu wake juu anasema hiki ni kisiwa. Kinaweza kukaa miaka, kinaweza kuliwa na ziwa wiki ijayo. Chetu kilikuwa na urefu wa hatua sitini na upana wa hatua kumi na tano. Nilipima, maana kazi nyingine sikuwa nayo. Upande mmoja matete marefu. Upande mwingine mchanga mweupe ulio wazi. Katikati kibanda kimoja cha matete, chumba kimoja, mlango mmoja, ambacho wavuvi waliwekea nyavu na kupumzikia jua likiwa kali.

Na uzuri, mnisamehe, ulikuwepo. Maji ya Ruzizi ni ya rangi ya chai ya maziwa, ya ziwa ni buluu, na yanapokutana hayachanganyiki mara moja. Kuna mstari kabisa, kama mtu ameukata kwa kisu, na ndege weupe wenye midomo kama mifuko wanakaa juu ya mstari huo wakingojea upande upi utatoa samaki. Mashariki Burundi, nayo ilikuwa na vita yake, kwa hiyo hatukuona wivu. Magharibi milima ya kwetu, imesimama wima kama inataka kuanguka ziwani, na chini yake moshi. Mvuvi alikuwa na macho mazuri. Alituonyesha kila moshi unatoka kartie gani, kwa kidole, kama mtu anayewatembeza wageni. "Ile njo sokoni. Ile njo kwa mission. Ile ndogo..." Akashusha kidole. Ile ndogo ilikuwa upande wetu.

Akatupa pia sheria za kisiwa. Matete ni ya kiboko. Kiboko ndiye mwenyeji, sisi wapangaji. Mchanga mweupe unaonekana kutoka ufukweni, na ufukweni kuna basoda, yaani askari, ambao tangu juzi wanapima bunduki zao kwa ndege. "Mutu akitembea pale, batafikiri ni ndege mukubwa," akasema. Kwa hiyo watalii tulibaki kibandani. Wanne. Chumba kimoja.

Nadhani mmeshaona tatizo. Mimi sikuliona mpaka samaki walipoiva.

Walikuwa mikeke. Mvuvi aliwapasua mgongoni, akawatia chumvi ya mawe, akawalaza juu ya makaa ya matete makavu, na mafuta yao yakaanza kudondoka motoni na kupiga kelele. Bibi yangu akasonga bugali wa muhogo kwa maji ya ziwa. Mvuvi alikuwa na chupa ndogo ya mawese na pilipili tatu. Nimekula harusini, nimekula kwenye misiba ya wakubwa, sijawahi kunusa kitu kama kile. Toka jana mchana sikuwa nimetia kitu tumboni. Bibi yangu akagawa, akatundika kikwembe kama pazia katikati ya kibanda, sahani moja upande huu, sahani moja upande ule.

Si mimi wala yeye aliyegusa sahani.

Pazia lilikuwa kikwembe kimoja, chakavu, na jua lilikuwa upande wa mlango. Nilimwona mama mukwe mzima kama kivuli ukutani, na yeye aliniona mimi. Kula mbele ya kivuli ni kula mbele ya mtu.

"Muambie mukwe akule," sauti ya mama mukwe ikatoka nyuma ya pazia, imechoka.

Bibi yangu akanigeukia. "Anasema ukule."

"Muambie mama akule kwanza," nikasema. "Yeye iko mugonjwa."

"Mama, anasema weye kwanza."

"Siwezi kutangulia mukwe. Na nitasikia anatafuna. Muambie."

"Amesikia, mama. Tuko kwenye nyumba moja."

"Muambie tu."

Mvuvi alikula. Alikula sehemu yake, akaniangalia, akala yangu, kisha akalitazama pazia kwa matumaini.

Jioni ile mama mukwe alimeza kidonge kimoja cha kinini tumbo tupu. Kinini na tumbo tupu ni maadui. Akakitapika chote, na maji juu yake. Vikabaki sita. Bibi yangu alivihesabu, akavihesabu tena, akafunga karatasi. Akaniambia polepole, na sauti yake haikuwa na mchezo: "Asipokula, hatameza. Asipomeza, atakufa hapa kwenye mchanga, na wewe utamzika na nini, na bisibisi zako?"

Basi siku ya pili nikafanya ushujaa. Nasema ushujaa kwa sababu hakuna mwingine aliyeusema. Asubuhi, mvuvi alipokuwa anachoma samaki wawili, ngege, nilitoka nikasema nakwenda kukaa matetani mpaka mama mukwe amalize kula na kumeza dawa yake.

"Kwa kiboko?" mvuvi akauliza.

"Kiboko haikulake batu."

"Hapana, haikulake. Inakatakaka tu."

Nikaenda. Ndani ya matete kuna njia, laini, pana, imesawazishwa vizuri kuliko barabara ya Sange. Kiboko ndiye fundi wake. Nilikaa pembeni ya njia hiyo, matope mpaka kiunoni, nikakunja miguu. Wadudu wa pale nadhani walikuwa nao wamefunga siku mbili. Na kiboko alikuwepo. Sikumwona, nilimsikia: anapumua, kama mtu mnene aliyekaa chumba cha jirani na hana wasiwasi wowote. Nilijiambia, haya ni ya kustahimili, muda huu mama mukwe anakula. Nilimwona akilini anakula. Niliona tonge la kwanza, la pili, samaki, mfupa anautoa. Nilikaa mpaka jua likafika kichwani.

Niliporudi, sahani ilikuwa imejaa, imepoa, inzi wameanza kuzoea. Mama mukwe alikuwa amegeukia ukuta wa matete.

"Hakula?" nikauliza.

Bibi yangu alikuwa analia kwa hasira, si kwa huzuni. "Anasema atamezaje bugali, na mukwe wake iko mu kinywa ya kiboko! Kila nikimupa tonge anauliza, 'Umemusikia? Amelia?' Namwambia, mama, hajalia. Anasema, 'Basi amekufa tayari.'"

"Minye nilimuambia angelia," mvuvi akaongeza, akijipakulia ngege baridi.

Ndipo bibi yangu akasema yote. Sitaandika yote, ila kiasi. Alisimama katikati ya kile kibanda, pazia upande wa bega, akasema: "Nyinyi wawili! Mumoja anaona haya, mwingine anaona haya, na minye nitabeba maiti mbili zenye adabu! Mama, huyu mwanaume si kitu cha kuogopa, minye nimemuona miaka minne, hakuna kitu! Na weye! Mbuzi! Miaka minne mbuzi ya rangi! Ile rangi iko wapi? Iko buluu? Iko kijani?"

Mvuvi akaacha kutafuna. "Mbuzi gani?" akauliza.

Akaelezwa. Alicheka mpaka akakohoa mwiba. Kisha akaacha kucheka, maana mama mukwe alianza kutetemeka tena na kuongea peke yake. Alikuwa anafukuza ndege kwenye mpunga wake wa Sange. "Shuu, shuu," anasema, na mkono unainuka kidogo kutoka kwenye mkeka, unarudi. Bibi yangu akamshika mkono huo. Mimi nikatoka nje, nikasimama nyuma ya kibanda, ambapo hakuna mtu wa kunitazama isipokuwa Burundi. Rangi nzuri. Nilijiona mjinga wa kupimwa kwa kilo.

Siku ya tatu mvuvi alikwenda majini mapema, akarudi na sangala. Si sangala mdogo. Alimburuta mchangani kwa mikono miwili, mkia ukichora njia nyuma. Akaja akasimama mbele ya mlango wa kibanda, akanyoosha suruali yake, akakohoa kama mkubwa wa kartie anayetaka kusoma tangazo.

"Mama muzee," akasema, "minye ni mujumbe wa jamaa ya fundi. Nimeleta mbuzi."

Pazia halikutikisika. Tulifikiri amelala. Kisha sauti, nyembamba sana:

"Mbuzi iko wapi?"

"Njo hii."

"Nasikia harufu ya samaki."

"Mama, huku ziwani mbuzi zetu ziko na mapezi. Zinakulaka majani ya chini ya maji."

"Inalia?"

Mvuvi akaniangalia. Nikaangalia sangala. Sangala hakusema neno. Basi mvuvi, mwanaume mzima mwenye mitumbwi miwili na watoto saba, akapiga magoti mchangani, akamfungua sangala mdomo kwa vidole, akalia kama mbuzi: "Meee. Meee." Kutoka ufukweni, nadhani, basoda walisikia. Hawakupiga. Labda walituhurumia.

Nyuma ya pazia kikatoka kitu sikuwahi kukisikia miaka minne. Mama mukwe alikuwa anacheka. Kicheko kikavu, kinauma, kilimfanya akohoe, lakini kicheko.

"Ni mbuzi mugonjwa," akasema. "Lakini nani atasema kwa upande wangu? Lazima mutu wa jamaa yangu aipokee."

Hilo lilikuwa kweli, na hapakuwa na mtu. Mvuvi akafikiri. Akasimama, akazunguka kibanda, akaingia kwa upande wa pili wa pazia, akakaa karibu na miguu ya mama mukwe, akabadilisha sauti ikawa nzito. "Sisi jamaa ya mama tumeiona hii mbuzi," akasema. "Si munene. Mumechelewa. Miaka minne!" Akatoka, akarudi upande wangu, sauti ya kwanza. "Tunaomba musamaha, wakwe. Njia ilikuwa mbaya. Kulikuwa vita." Akaingia tena. "Vita hii ilianza juzi! Mbele ya vita mulikuwa wapi?" Akatoka. "Tulikuwa tunatafuta rangi." Na akanitazama kwa dharau ya kweli, yeye aliyekuwa upande wangu. Alitusemea hivyo kama mara kumi, na jamaa ya mama mukwe ilinitukana vizuri. Niliinamisha kichwa. Nilistahili.

Mwisho mama mukwe akasema, "Inatosha. Muteremushe nguo."

Bibi yangu akasita. "Mama?"

"Teremusha. Nataka kula."

Kikwembe kikaanguka. Mimi nilikuwa naangalia chini, mazoea, naona miguu yake, imevimba, ngozi kavu. Nikasikia, "Inua uso, mwanangu." Nikainua. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Macho yake yalikuwa ya bibi yangu, yale yale, lakini yamezama. Akanitazama kwa muda mrefu, bila haraka, kama mtu anayeangalia muhogo sokoni.

"Miguu yako ilinidanganya," akasema. "Nilifikiri uko muzuri."

Bibi yangu akapiga kelele ya kicheko akafunika mdomo.

Kwa desturi ni yeye aliyepaswa kunipa chakula alichopika. Hakuwa amepika, wala hangeweza kukaa. Akanyoosha mkono, akachukua kipande kidogo cha bugali kwenye sahani, akakiweka kiganjani mwangu. Vidole vyake vilikuwa vya moto kama bomba la taa. Nikala. Nikatafuna mbele yake mpaka nikameza.

Kisha zamu yake. Akakata tonge, likaanguka mkekani. Akajaribu tena, likaanguka. Bibi yangu alikuwa ameshatoka nje kumchoma sangala. Mvuvi alikuwa amechoka kuwa jamaa mbili. Basi nikakata tonge mimi, dogo, nikalibonyeza, nikalichovya kwenye mawese, nikaweka juu yake nyama ya samaki wa jana isiyo na mwiba, nikapeleka mdomoni kwake. Mimi, mukwe, mkono wangu, kinywa chake. Kama baba yangu angefufuka angekufa tena. Alifungua kinywa. Akatafuna. Nilikuwa nahesabu kutafuna kwake.

Alikula matonge sita na nusu. La saba alilikataa akisema nimetia mawese mengi. Hapo nilianza kuelewa mbuzi wangu amenunua nini.

Bibi yangu akaja na kidonge na maji kwenye kikombe. Mama mukwe akameza. Akalala chali. Na sisi watatu tukakaa tukiangalia tumbo lake linapanda na kushuka, kama watu wanaoangalia sufuria ya maziwa isifurike. Kiboko alitoka matetani wakati huo, mchana kweupe, akapita nyuma ya kibanda akaingia majini, na hakuna aliyegeuka kumwona. Ndiyo mandhari bora ya safari nzima, na mimi nilikuwa naangalia tumbo la mama mukwe.

Alipiga mbweu. Bibi yangu akaruka na beseni. Mama mukwe akamsukuma. "Ondoa hiyo. Inakaa." Dawa ikakaa. Kivuli cha kibanda kilipofika majini alikuwa ametokwa na jasho mpaka mkeka ukalowa, na bibi yangu, akimpangusa shingo, akasema, "Imepoa. Mama, shingo imepoa," akarudia tena na tena kama anamfundisha mtoto.

Mama mukwe akafungua macho. Akanitafuta. Sasa ilikuwa ruhusa, hakuuliza ukuta.

"Mwanangu. Mutoto iko wapi?"

"Mama," nikasema, "kwanza tutoke kwenye kisiwa."

"Sitoki popote. Nauliza tu. Na unatafunaka kwa kelele, ujue. Nilisikia miezi miwili kupitia ukuta, nikanyamaza."

Mvuvi aligeuka nje akacheka kwa mabega. Sangala alikuwa ameiva. Bibi yangu akamleta juu ya majani ya matete, ngozi imepasuka, mafuta yanang'aa, kichwa kizima kama kichwa cha ndama. Sasa, kwetu kichwa cha samaki mkubwa ni cha mwenye nyumba. Hilo halijadiliwi, na nilikuwa na njaa ya siku tatu. Nilikuwa nimeshakishika. Nilikuwa nimeshaona pale nyuma ya shavu, ile nyama tamu kuliko yote, nitaanzia wapi.

"Kile kichwa," mama mukwe akasema, akiinuka kwa kiwiko peke yake, bila kushikwa, "kinakwenda wapi?"

Nikamwangalia bibi yangu. Bibi yangu akaangalia Burundi.

Nikampa. Alikila chote, mashavu, ubongo, mpaka macho akayanyonya, akitema miiba kwenye sahani yangu, mbele yangu kabisa, bila haya hata chembe.